Pinde za kiti cha kubembea: kukunja mbao kwa tabaka na gundi

Upinde wa kiti cha kubembea, yaani kipande cha chini kinachobembea sakafuni, ukichongwa kutoka kwenye ubao mmoja ulionyooka, nyuzi za mbao hukatika karibu na ncha, na hapo ndipo unapovunjika. Ubao huohuo ukipasuliwa kuwa mabapa ya milimita 4, yakapakwa gundi na kubanwa juu ya kalibu (umbo la kukunjia) iliyopinda, nyuzi hufuata mkunjo kutoka ncha hadi ncha. Msanifu majengo Alvar Aalto wa Finland alijenga viti kwa njia hii miaka ya 1930, kwa mbao za betula. Karakana ya Moshi au Arusha yenye msumeno mzuri na klampu (vibanio) za kutosha inaweza kuifanya kazi hii kwa mbao za mgrevilea.

Vipimo tunavyotumia hapa ni vya pinde mbili za kiti cha mtu mzima. Nusu kipenyo cha upande unaogusa sakafu ni milimita 1,000, unene 32 (tabaka 8 za milimita 4), upana 40, na umbali wa ncha hadi ncha ni 850 hivi. Kwa vipimo hivyo, ukiusimamisha upinde sakafuni, ncha zake zitakuwa juu kwa milimita 95. Pinde zote mbili zitoke kwenye bonge moja pana, lipasuliwe katikati baada ya gundi kukauka. Hii ndiyo njia ya uhakika ya kuzipata zikiwa pacha. Pinde zikitofautiana hata kidogo, kiti kitatembea upande kila kinapobembea.

Mgrevilea unapatikana kirahisi kwa sababu wakulima wa kahawa na migomba wameupanda kwa wingi kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Hupinda vizuri na hushika gundi. Ubaya wake ni mafundo, kwa kuwa matawi hukatwa mara kwa mara, basi chagua kipande cha shina chenye nyuzi zilizonyooka. Fundo la ukubwa wa kidole tu linatosha kuvunja bapa likiwa kwenye klampu. Msindano na sipresi hukunjika pia, ila ni laini na huliwa haraka na sakafu ya saruji. Mtiki una mafuta. Ukiutumia, futa kila uso kwa spiriti muda mfupi kabla ya kupaka gundi. Ukiweza kupata kipande kidogo cha mbao ngumu kama loliondo au mninga, kiwe tabaka ya chini kabisa, ile inayogusa sakafu.

Upasuaji ndio kiini cha kazi yote, na ndio unaoharakishwa zaidi. Nunua mbao ya inchi 4 kwa 4, ukate urefu wa mita 1 na kidogo. Randa nyuso mbili zilizo mraba, kisha pasua kwa msumeno wa mkanda mabapa 9 ya milimita 7: manane ya kazi na moja la akiba. Msumeno wa mkanda hula milimita 2 hivi kila unapopita, kwa hiyo utatumia milimita 79. Msumeno wa duara hula 3 au zaidi, na wa meza ndogo haufiki kina cha inchi 4. Yaandike mabapa namba kwa mfuatano yanavyotoka, na chora mshale kuonyesha upande wa juu. Yakirudi kwa mpangilio uleule, mistari ya mbao itaendelea na kiungo hakitaonekana kirahisi.

Kwa nini 7 ilhali tunataka 4? Kwa sababu mbao nyingi zinazouzwa bado ni mbichi ndani, na ziada hiyo hufidia kusinyaa na kujipinda zikikauka. Boriti nene hukauka kwa miezi mingi, lakini bapa jembamba hukauka kwa wiki mbili au tatu likipangwa kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Pima bapa moja kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku tatu. Uzito ukiacha kupungua, yako tayari. Wakati wa masika, yaweke ndani ya chumba chenye joto. Bapa bichi likigandishwa litasinyaa baadaye, na mkunjo utabadilika kiti kikiwa sebuleni kwa mteja.

Sasa randa hadi milimita 4. Usilipitishe bapa peke yake kwenye mashine ya randa, maana visu huweza kulipasua vipandevipande. Liweke juu ya ubao wa kubebea. Tofauti ya unene isizidi milimita 0.2 popote. Visu butu huacha uso uliosuguliwa unaong'aa, na gundi haiingii vizuri. Vaa barakoa na mikono mirefu, kwa kuwa mgrevilea huwawasha baadhi ya watu.

Kalibu hutoka kwenye nusu ya karatasi ya plaiwudi ya milimita 18: vipande 5 vya milimita 240 kwa 1,000, vikipangwa pamoja hufikia upana wa 90. Angalia hapa kwa makini. Mabapa yanalala juu ya kalibu, kwa hiyo nusu kipenyo cha kalibu ni 1,000 kutoa unene wa 32, yaani 968. Wengi huchora 1,000 na kupata upinde wa 1,032. Mchoro hupatikana kwa fito ndefu yenye msumari upande mmoja na penseli upande wa pili. Kata kipande cha kwanza, kisafishe hadi mkunjo uwe laini, kisha kinakiliwe kwenye vingine vinne. Toboa matundu ya kuingiza klampu milimita 70 chini ya mkunjo, kila baada ya 90. Paka nta, kisha funika kwa nailoni.

Upinde hufunguka na kurudi nyuma kidogo ukitolewa kwenye kalibu. Hesabu ya kuanzia ni rahisi: gawanya kina cha mkunjo kwa idadi ya tabaka ikizidishwa kwa yenyewe. Tabaka 8 zinatoa 64, kwa hiyo 95 inarudi kwa milimita 1.5 tu. Ungetumia tabaka 3 nene, ungegawa kwa 9, na upinde ungefunguka kwa zaidi ya milimita 10, kama mabapa yasingevunjika kwanza. Kwa mkunjo mkali kuliko huu, punguza unene: milimita 3 kwa nusu kipenyo cha 400 hivi, milimita 2 kwa 200.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha kwa mkunjo huu mpole. Kwa mkunjo mkali tumia epoksi au gundi ya unga ya yurea, kwa sababu gundi nyeupe hulegea polepole ikivutwa muda wote, hasa kwenye joto. Gundi ya yurea itumike penye hewa. Andaa gramu 200 kwa viungo 7. Fanya jaribio kavu, bila gundi, kwanza, na klampu zote 11, kwani gundi nyeupe hukupa dakika 5 hadi 10 tu, na pungufu ya hapo kwenye joto la Moshi la Januari. Asubuhi za Arusha za Juni na Julai zina tatizo la kinyume: gundi ikikauka kwenye baridi kali hubaki nyeupe kama chaki na haina nguvu. Subiri mchana.

Paka kwa rola, weka bapa la nane juu, kisha ubao mwembamba wa kinga uliofungwa nailoni. Anza kubana katikati, ukienda nje kwa zamu kushoto na kulia. Ukianza na ncha zote mbili, uwazi hubaki katikati na hakuna klampu itakayouziba. Weka vigingi pembeni ili mabapa yasiteleze. Kaza hadi gundi itoke kwa matone madogo kila mahali. Ukikaza kupita kiasi unaikamua yote. Klampu zikipungua, funga nafasi zilizobaki kwa mikanda ya tyubu ya tairi, ukiivuta kwa nguvu na kuizungusha juu ya kalibu.

Acha saa 24. Gundi iliyotoka ikwanguliwe ikiwa bado kama raba, kwani ikikauka huharibu visu vya randa. Nyoosha ubavu mmoja, pasua katikati, randa kila upinde hadi 40, kata ncha zote mbili kwa pamoja. Miguu ya kiti iungwe kwa ulimi na tundu lenye gundi. Usipige msumari karibu na ncha, utafungua tabaka; ikibidi skrubu, toboa kwanza. Upande wa chini usipakwe vanishi inayong'aa, maana huteleza kwenye vigae. Mafuta ya linsidi mara mbili yanatosha.