Kabla hujaita mkokoteni: nilivyohamia Tudor na vitu vichache

Nilihama Mikindani mwezi wa Februari nikaja Tudor, kisiwani Mombasa, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule. Mikindani nilikaa miaka tisa, na miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kuweka. Kikija kitu, nakiweka. Safari hii nilitaka kila kinachopanda ngazi kiwe na kazi ninayoijua. Nawaandikia wanaotaka kuhama hivyohivyo.

Nyumba iendee mara mbili kabla ya kutoa pesa. Mara ya kwanza nenda saa nane mchana, jua likiwa kali, usimame chumba cha kulala madirisha yakiwa wazi. Kama upepo hauingii huku ukatokea kule, feni itafanya kazi usiku kucha na tokeni za umeme utanunua wewe. Ghorofa ya juu kabisa mimi niliikataa papo hapo: slabu hunywa jua mchana kutwa, kisha huanza kulitapika wewe ukitaka kulala. Mara ya pili nenda baada ya isha, usikilize. Waulize majirani, hasa akina mama wanaoanika nguo, maana msimamizi wa jengo kazi yake ni kupangisha.

Maji ndiyo nitakayoyasemea sana. Kisiwani maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hiyo majengo mengi yana kisima, na maji ya visima vingi ni ya chumvi. Usiulize kama maji yapo. Fungua bomba, onja kwa ncha ya ulimi, kisha omba kipande cha sabuni ujisugue viganja. Sabuni ikikataa kutoa povu, ikaacha utando mzito kama uji uliolala, maji hayo ni ya kudekia na ya chooni. Nguo nyeupe yatazifanya kijivu, na birika litaota magamba ndani. Mimi ya kupikia na kunywa nanunua kwa kijana wa mkokoteni, mitungi miwili ya lita 20 kila siku ya pili. Ongeza gharama hiyo juu ya kodi kabla hujasema nyumba ni rahisi.

Ukikubaliana bei, piga picha kila ukuta, kila sinki, kila kitasa, siku hiyohiyo ya kupewa ufunguo. Nilipohama Mikindani nilikatwa dipoziti kwa sababu ya madoa niliyoyakuta, na sikuwa na cha kuonyesha. Hakikisha pia mita ya umeme ni yako peke yako.

Sasa vitu. Usianze kufunga maboksi, anza kutoa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na mzigo wangu mkubwa ulikuwa magunia manne ya vipande vya vitambaa. Nilikaa chini usiku tatu nikavishika kimoja kimoja. Kulikuwa na kipande cha satini ya rangi ya komamanga, urefu wa mkono, kilichobaki kwenye nguo ya harusi ya mdogo wangu. Hicho nilikibakisha. Vingine nilimpa mama mmoja anayeshona vishikio vya sufuria na mito, na magunia yalipotoka chumba kikapata sauti nyingine. Kipimo changu kilikuwa hiki: nilikigusa tangu kaskazi ya mwaka jana? Kama sikukigusa, kitafute mwenyewe mwingine. Vyombo vya wageni wa Idi viliponea hapo, maana wageni wangu wanakuja kweli.

Kwa pwani yetu kupunguza vitu kuna faida nyingine. Kusi ikiingia na mvua za masika, kabati lililojaa huota ukungu, hasa viatu vya ngozi na mikoba. Liache mbali na ukuta kiasi cha kiganja, na nguo zipate nafasi ya kupumua. Vyuma navyo viangalie. Cherehani yangu naipaka mafuta kila Ijumaa, la sivyo hewa ya chumvi huila.

Kuhama kwenyewe ni asubuhi moja tu: pikapu ndogo, makuli wawili, bei ikatwe kabla hawajagusa kitu na ngazi zitajwe mapema.

Ukifika, usipange kila kitu siku ya kwanza. Mimi nilitandika mkeka sebuleni, nikaweka cherehani karibu na dirisha la mashariki penye mwanga wa asubuhi, nikafukiza udi, basi. Kochi sijanunua hadi leo. Wateja huketi mkekani wakati nawapima, na jioni jirani wa mlango wa pili huja na kahawa tukakaa hapohapo.

Maboksi niliyapa wiki sita. Mawili yamefunguliwa. La tatu sikulihitaji hata siku moja, na dada yangu atapita Jumamosi kulichukua.