Mfanyakazi wa ndege ukisafiri nje ya zamu: jinsi ya kupita ukaguzi na vimiminika vyako

Sare ikibaki kabatini, nafuu zake nazo hubaki huko. Marubani na wahudumu wa ndege wengi wamezoea kwenda kazini na chupa kubwa ya losheni, maji na chakula cha zamu bila kuulizwa. Marekani, kwa mfano, TSA, mamlaka inayosimamia ukaguzi viwanjani, huwaondolea kikomo cha vimiminika wafanyakazi wa ndege walio ndani ya sare na wenye kitambulisho halali. Lakini nafuu hiyo ni ya kazi, si ya mtu. Siku unapokwenda kumwona dada yako London kwa tiketi ya mfanyakazi, wewe ni abiria kama yule mzee aliyetangulia kwenye foleni.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hujagusa begi, ni kujua jina lako litaandikwa wapi. Likizo haina utata. Utata huja kampuni inapokurusha kama abiria ili ukaanze zamu mji mwingine. Piga simu kitengo cha ratiba uulize: jina langu litakuwa kwenye hati ya wafanyakazi wa safari hiyo au kwenye orodha ya abiria? Likiwa kwa abiria, funga begi kama abiria, hata kama utavaa sare mkifika.

Kisha funga begi la mkononi kwa kikomo kilichoenea duniani tangu lilipogunduliwa jaribio la kulipua ndege kwa vimiminika, Uingereza, Agosti 2006. Kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote vienee katika mfuko mmoja angavu wa zipu wa lita 1. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo. Chupa ya mililita 200 iliyobaki losheni ya kidole kimoja itachukuliwa, na kubishana hakusaidii. Vimiminika si maji tu: dawa ya meno, maskara, jeli ya nywele, asali, mtindi, achari na siagi ya karanga vyote vimo. Mafuta ya nazi yaliyoganda kwa baridi nayo usiyategemee kupita kama kitu kigumu.

Hapa ndipo tiketi ya mfanyakazi inapoleta shida yake ya pekee. Ukisafiri kwa kusubiri nafasi, mara nyingi hujui kama unapanda mpaka dakika za mwisho, na wengi wetu kwa sababu hiyo hatupeleki mzigo kaunta. Maana yake vimiminika vyote vimo mkononi, na mkaguzi akikuta chupa kubwa huna tena muda wa kurudi kuikabidhi. Ushauri wangu: funga kila safari ya kusubiri kana kwamba mzigo wa chini, ule wa kukabidhi kaunta, haupo kabisa, na shampuu ukanunue huko uendako. Ukiwa na nafasi ya uhakika na mzigo wa kukabidhi, mambo ni mepesi. Manukato, losheni na vipodozi vya kupulizia vinakubalika chini hadi lita 2 kwa jumla, kila chombo kisizidi nusu lita.

Kuna vitu unavyoweza kuombea ruhusa ya kuzidi mililita 100: dawa unayohitaji safarini, maziwa na chakula cha mtoto, na chakula maalumu cha mgonjwa. Kuomba kwenyewe hakuna fomu ndefu, ila kuna utaratibu. Dawa ibaki kwenye kifungashio chake chenye lebo ya jina lako, ukiwa na cheti au barua ya daktari. Vitu hivi viweke pamoja, nje ya ule mfuko wa zipu, na umwambie mkaguzi kabla begi halijaingia kwenye mashine. Ukingoja mpaka avione mwenyewe, ombi linageuka kuwa utetezi. Akisita, sema kwa upole, "Naomba kumwona msimamizi wa zamu." Mama anayenyonyesha ajue kwamba Marekani na Uingereza maziwa yaliyokamuliwa huruhusiwa hata mtoto asipokuwepo. Wengi hawalijui hili, na maziwa yanamwagwa bure.

Ukifika ukaguzini, pita foleni ya abiria na pasi yako ya kupandia. Usitoe kitambulisho cha kazi ili upewe njia ya wafanyakazi. Hicho ni kitambulisho cha kazi, na mwajiri akiambiwa atakuuliza ulikuwa zamu gani. Najua mnajuana na wakaguzi. Kijana anaweza kukuamkia "Shikamoo kapteni" kwa heshima zote, kisha akakuomba ufungue begi, naye yuko sahihi.

Kanuni inayotumika ni ya kiwanja unachokaguliwa, na hili huwanasa zaidi wanaorudi nyumbani. Viwanja vya Edinburgh na Birmingham, Uingereza, tangu 2025 vinaruhusu chombo cha hadi lita 2, kwa sababu ya mashine mpya. Ukiondoka huko na chupa kubwa, halafu ukaguliwe tena mahali unapobadilisha ndege penye kikomo cha mililita 100, itabaki hapo. Pombe au manukato ya dukani uwanjani yaache ndani ya mfuko maalumu uliofungwa na muuzaji, risiti ikionekana, wala usiufungue mpaka ufike mwisho wa safari.

Anayepanda Nairobi kwenda New York aongeze jambo moja. Tangu Juni 2018 unga unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi, kwa ndege zinazoingia Marekani, unaweza kuhitaji ukaguzi wa ziada, na usipotambulika hauruhusiwi ndani. Basi pilau masala na kahawa ya kusaga ulivyoagizwa na ndugu, kama ni vingi, vipeleke chini.

Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, Juni 2019, serikali iliruhusu wageni kubaki na ile midogo ya zipu ya vipodozi, kwa kuwa mwenye nao hutarajiwa kuondoka nao. Tafuta mmoja imara, uuweke begini daima.