Kuchagua trekta linalolingana na shamba dogo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila mwaka mvua za Machi zinapokaribia, watu hufika kwenye karakana yangu hapa Kiryandongo, Uganda, na swali lile lile: shamba langu ni ekari kadhaa, je, ninunue trekta la nguvu za farasi ngapi? Swali hilo halijibiki kwa hesabu ya ekari peke yake. Ekari kumi za mchanga mwepesi kule Teso, ekari kumi za udongo mweusi unaonata, na ekari kumi za migomba na kahawa ni mashamba matatu yanayodai mashine tatu tofauti. Utaratibu ninaoufuata huanza na kazi iliyo nzito kuliko zote na siku zilizopo za kuimaliza, ukafuatia uchaguzi wa zana, na trekta likaja mwisho. Wengi hununua trekta kwanza, ndipo waanze kulitafutia jembe.

Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Trekta langu la kwanza lilikuwa kuukuu, la farasi 75, na nililinunua kwa sababu bei ilikuwa nzuri na kwa sababu, nisifiche, lilikuwa kubwa kuliko la jirani. Shamba lenyewe lilikuwa ekari 14, lenye miembe katikati na visiki ambavyo vilikuwa havijang'olewa, na njia ya kuingilia ilipita juu ya daraja la magogo lililojengwa kwa ajili ya baiskeli na ng'ombe. Msimu ule ule magogo yalikatika, gurudumu la nyuma likazama, na tulitumia siku mbili kulitoa wakati mvua ya kupandia ikipita. Mzee mmoja aliyekuwa akilima kwa maksai ng'ambo ya kijito alitutazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, umenunua ndovu na banda lako ni la kuku."

Hatua ya 1: Pima eneo linalolimwa

Usitumie ekari zilizoandikwa kwenye hati au kwenye makubaliano ya kununulia ardhi. Zunguka shamba kwa miguu ukitumia simu yenye programu ya kupimia eneo, au kwa kamba ya mita 50, kisha ondoa makazi, malisho, mti wa mvule uliokatazwa kuguswa, sehemu ya bondeni isiyokauka na kila pembe ambayo trekta haliwezi kugeukia. Shamba la ekari 20 mara nyingi hubakiwa na ekari 14 au 15 za kulima kwa mashine. Ukiwa umetembea hivyo, andika pia upana wa lango, upana wa njia na hali ya kila daraja au kalavati, kwa kuwa trekta la farasi 75 lenye jembe nyuma huweza kufikia tani tatu.

Hatua ya 2: Hesabu siku, kisha saa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, nami nitakaa hapa kidogo.

Kusini mwa nchi na hapa katikati tuna misimu miwili ya kupanda, mmoja ukianza Machi na mwingine Agosti au Septemba, ilhali Karamoja na sehemu kubwa ya kaskazini hutegemea msimu mmoja mrefu. Popote ulipo, udongo hulimika vizuri kwa siku chache tu: kabla ya mvua huwa mgumu kama tofali, na mvua ikizidi huwa tope. Katika majuma matatu ya kuandaa shamba, toa siku za mvua, Jumapili, siku ya msiba kijijini na siku ambayo bomba la haidroliki litapasuka. Mimi huhesabu siku kumi za kazi, na katika kila siku saa sita ambazo jembe liko ardhini kweli. Jumla ni saa 60.

Sasa tafuta trekta na zana yake vitamaliza ekari ngapi kwa saa. Zidisha upana wa zana kwa mita, mara kasi kwa kilomita kwa saa, mara sehemu ya muda usiopotea katika kugeuka na kusimama, kisha gawanya kwa 4; jibu ni ekari kwa saa. Jembe la sahani mbili, yaani sahani za chuma zinazozunguka zikikata udongo, hukata kama mita 0.6. Likienda kilomita 4.5 kwa saa na muda usiopotea ukiwa 0.7, hupata karibu ekari 0.47 kwa saa. Jembe la sahani tatu, lenye upana wa mita 0.9, kwa kilomita 5 na 0.75, hupata ekari 0.84. Haro ya mita 1.5, ile zana ya kuvunjia mabonge baada ya kulima, ikienda kilomita 6, kwa 0.75 hiyo hiyo, hupata karibu ekari 1.7.

Tuseme una ekari 15 za mahindi na soya. Kwa sahani mbili utalima kwa saa 32, na kupiga haro kutachukua saa 9, yaani jumla ya saa 41 kati ya 60 ulizo nazo. Hata ekari 20 zingemalizika kwa saa 55 hivi, ingawa hapo umebana sana, na ugonjwa mmoja wa dereva ungekuharibia msimu. Mtu wa ekari 15 anayeambiwa kwamba hawezi kufanya kitu bila sahani tatu anauziwa nguvu ambayo haihitaji, isipokuwa kama amekusudia kuwalimia majirani kwa malipo. Hilo ni jambo jema, lakini ekari za majirani nazo ziingizwe kwenye hesabu tangu sasa, wala zisiwe kisingizio cha baadaye.

Hatua ya 3: Chagua zana kulingana na udongo na mazao

Kwa ardhi mpya yenye visiki na mizizi, chagua jembe la sahani, kwa sababu sahani huzunguka na kupanda juu ya kisiki, ilhali jembe la ubao, lenye bamba lisilozunguka, likikikuta hupinda au kuvunja boliti. Rotaveta, zana ya visu vinavyozungushwa na trekta, hutoa udongo laini kwa mpito mmoja na hufaa bustani za mboga, ila huharibika upesi penye mawe. Pia ukiitumia kila msimu kwa kina kile kile, huacha tabaka gumu chini ambalo mizizi haipiti.

Wenye kahawa na migomba wana hesabu nyingine kabisa. Robusta hupandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, na arabika kwa mita 2.4 kwa 2.4, na matawi yakikua nafasi hupungua sana. Trekta la kawaida la farasi 50 lina upana wa mita 1.6 au zaidi. Katika shamba la arabika lililokomaa halipiti bila kuvunja matawi, na hapo jibu ni trekta jembamba la farasi 20 hadi 30 lenye upana usiozidi mita 1.3, au pawatila, yaani kitrekta cha magurudumu mawili kinachoendeshwa kwa kutembea nyuma yake. Katika mashamba ya mpunga kama ya Doho, Butaleja, pawatila ndiyo mashine yenyewe, kwa kuwa trekta zito huzama.

Pawatila ya farasi 12 hadi 15, yenye upana wa mita 0.6, hufanya kama ekari 0.3 kwa saa, hivyo ekari 5 huisha kwa saa 17. Hata hivyo, mwendeshaji hutembea nyuma yake muda wote, na ni kazi ya kuchosha. Usiipangie ekari 15.

Kwa matuta ya Kigezi, kwenye miteremko mikali ya kusini-magharibi, siwezi kukushauri ununue trekta la kukalia hata kidogo.

Hatua ya 4: Geuza zana kuwa nguvu za farasi

Jembe la sahani mbili hutaka trekta la farasi 35 hadi 50, na sahani tatu hutaka 50 hadi 75. Rotaveta ya mita 1.2 hutosheka na farasi 25 hadi 35, ya mita 1.5 na farasi 40 hadi 50. Chukua kiwango cha chini cha kila kundi ikiwa udongo wako ni wa kichanga, na cha juu ikiwa ni mfinyanzi, kwani udongo wa mfinyanzi unaweza kuvuta jembe kwa uzito maradufu wa mchanga.

Kumbuka kwamba namba iliyobandikwa ubavuni mwa boneti ni nguvu ya injini. Kwenye shafti ya nyuma inayozungusha zana, ile ya mizunguko 540 kwa dakika, hufika kama asilimia 85 hadi 90 ya nguvu hiyo, na kwenye uvutaji, katika udongo uliokwisha kulimwa, hubaki pungufu zaidi. Trekta la farasi 60 linaweza kuvuta kwa farasi 35 hivi shambani. Wala si udanganyifu wa muuzaji. Nguvu huliwa na gia, na tairi, na udongo wenyewe.

Mwinuko nao hula sehemu yake. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda juu, kwa sababu hewa ni nyepesi. Hapa Kiryandongo, karibu mita 1,000, hasara yaweza kupuuzwa na mtu mwenye akiba kidogo ya nguvu, lakini Kabale, kwenye mita zinazokaribia 2,000, farasi 50 huenda zikabaki 40 au 41. Wenye mashamba ya miinuko ya Elgon na Kigezi waongeze nguvu kidogo, au wachukue injini yenye tabo, ambayo hupoteza nguvu chache kuliko isiyo nayo.

Hatua ya 5: Tazama uzito, unyanyuaji na viungio

Nguvu bila uzito ni tairi kuzunguka bure. Jembe la sahani tatu lina uzito wa kilo 300 na zaidi, na likinyanyuliwa nyuma ya trekta jepesi, magurudumu ya mbele huinuka na usukani hukosa kazi. Angalau sehemu moja ya tano ya uzito wote ibaki mbele wakati zana iko juu. Ikiwa sivyo, ongeza vyuma vya uzito mbele au punguza jembe.

Uliza pia haidroliki inanyanyua kilo ngapi na imepimwa wapi. Matangazo mengi hutoa kipimo cha kwenye ncha za mikono, ilhali zana hukaa nyuma zaidi, na kipimo cha sentimita 61 nyuma ya ncha huwa kidogo kuliko hicho. Ukubwa wa pini za viungio vya chini nao ukaguliwe: matrekta madogo hutumia pini za milimita 22, na makubwa za milimita 28. Nimeona mtu akinunua jembe zuri Kampala, likafika Bweyale, likakosa kuingia. Bushi za kupunguzia zipo, lakini husaidia tu pini nyembamba kukaa kwenye tundu kubwa; jembe zito lenye pini nene halifungiki kwa bushi kwenye trekta dogo, na kosa hilo huwa limekwisha kufanyika dukani.

Ikiwa utavuta tela, breki ndizo zitakazoamua mzigo, si injini. Kwenye mteremko, tela lisilo na breki lenye uzito unaozidi wa trekta hulisukuma trekta na kulipinda. Usinunue trekta lisilo na fremu ya kumkinga dereva linapopinduka, hasa kama shamba lina mteremko. Nchini Sweden fremu hizo zililazimishwa kwa matrekta mapya tangu 1959, na sisi bado tunazikata ili trekta lipite chini ya miembe.

Hatua ya 6: Vipuri na mafuta

Hapa sina maneno mengi. Chagua aina ambayo fundi wa karibu ameifungua injini yake, na ambayo chujio, klachi na pampu yake hupatikana Kampala siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu Massey Ferguson 240, lenye farasi 50 hivi, na 375 la farasi 75, bado yanaonekana kila mahali. Kwa mafuta, kulima kwa jembe la sahani hula lita 6 hadi 8 za dizeli kwa ekari. Mtu akikuahidi lita 3, muulize analima kwa kina gani.

Hatua ya 7: Jaribu kwenye udongo wako

Usilipe kabla trekta halijalima shambani kwako, likiwa na jembe utakalolitumia. Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Jembe likiwa juu, endesha hadi tairi lizunguke mara 10, na upime umbali. Kisha rudia jembe likiwa ardhini kwa kina unachokitaka, mizunguko 10 ile ile. Kama ni mita 40 bila mzigo na mita 34 hadi 36 wakati wa kulima, tairi linateleza kwa asilimia 10 hadi 15, na uwiano ni mzuri. Ikishuka hadi mita 30, umefikia asilimia 25: trekta ni jepesi mno au jembe ni kubwa mno, na dizeli yako inalisha tairi. Ikibaki mita 39, trekta ni zito kuliko kazi, na utakuwa unabeba chuma na kukandamiza udongo msimu hadi msimu.

Wakati huo huo sikiliza injini. Ikiwa inatoa moshi mweusi mfululizo na dereva hubadilisha gia kila mita chache, rudi kwenye hatua ya 4. Muuzaji akikataa kulileta shambani, mpe nauli ya lori la kulibebea. Akikataa hata hivyo, mwache abaki nalo.