Kabla ya Kupunguza Misonobari, Soma Visiki

Anayekabidhiwa msitu wa misonobari uliosongamana kaskazini mwa Arizona, Marekani, huuliza kwanza nafasi gani iachwe kati ya mti na mti. Hilo ni swali la shamba la mbao. Anayetaka msitu wa asili urudi katika hali yake aanze na jingine: kabla msitu haujavurugwa, miti ilisimama wapi?

Jibu bado liko ardhini. Mbao ya msonobari wa ponderosa ina utomvu mwingi na nchi ile ni kavu, kwa hiyo kisiki au gogo huweza kutambulika hata baada ya miaka mia moja. Miti yenye makovu ya moto nayo hutunza kumbukumbu: ukihesabu pete za ukuaji kati ya kovu na kovu, unajua moto ulipita kila baada ya miaka mingapi.

Mfano mzuri ni Fort Valley, karibu na mji wa Flagstaff, ambako kituo cha utafiti wa misitu kilianzishwa mwaka 1908. Katika eneo la hifadhi liitwalo Gus Pearson, moto mdogo wa kutambaa chini ulizoea kupita kila baada ya miaka michache, na wa mwisho ulipita 1876. Baadaye kondoo na ng'ombe wa walowezi walimaliza nyasi zilizokuwa zikiusafirisha moto, kisha serikali ikashika desturi ya kuzima kila moto unaowaka. Mwaka 1919 miche ikaota kwa wingi usio wa kawaida, na hapakuwa na moto wa kuipunguza. Mtafiti wa misitu Wallace Covington na wenzake walikadiria kwamba mwaka 1876 palikuwa na miti kama 23 kwa ekari. Ilipofika 1992 ilizidi 1,200. Katika msongamano wa namna hiyo moto hupanda vileleni. Moto wa Rodeo-Chediski wa mwaka 2002 uliteketeza takriban ekari 468,000 katika jimbo hilohilo.

Basi anza kwa kutembea na rangi ya kuwekea alama, msumeno ubaki ghalani. Weka alama kwenye kila mti mzee ulio hai. Utaujua kwa gome lake la rangi ya chungwa lenye mabamba mapana, maana misonobari michanga ina gome jeusi. Kisha tafuta miti iliyokufa imesimama, magogo, visiki, na mashimo yaliyoachwa na visiki vilivyoungua. Mzee aliye hai asiguswe. Kwa kila aliyekufa, chagua warithi miongoni mwa miti michanga mikubwa iliyo jirani naye. Kipimo kilichotumika sana Flagstaff ni mitatu kwa kila miwili iliyopotea ikiwa warithi ni wanene, na mitatu kwa kila mmoja ikiwa ni wembamba, kwa sababu baadhi yao watakufa.

Ukishaweka alama utaona kwamba miti ya zamani haikupangwa kwa mistari. Ilikaa kwa vikundi, vilele vikigusana, na kati ya kikundi na kikundi palikuwa na uwanda wa nyasi. Hapa ndipo mafundi waliolelewa kwenye mashamba ya miti huharibu: jicho lao halivumilii vikundi, hivyo huacha miti kwa nafasi sawa kama mibuni. Uwanda ule usiuone ni ardhi iliyopotea. Ndio unaolisha nyasi na kuufanya moto ubaki chini.

Hata hivyo, idadi ya 1876 usiigeuze sheria. Ni picha ya wakati mmoja, tena vijiti vyembamba vya enzi hizo vilishaoza bila kuacha alama, kwa hiyo hesabu inaweza kupungua kuliko ilivyokuwa. Kindi wa misonobari nao wanahitaji mahali penye vilele vilivyoshikana. Mimi hupendelea kuacha zaidi kidogo mara ya kwanza, kwa kuwa mti wa ziada unaweza kukatwa baadaye.

Wala usihamishe kipimo hiki kokote penye msonobari. Msonobari wa lodgepole, kama ule wa hifadhi ya Yellowstone, Marekani, uliowaka 1988, kwa asili hukaa kwa msongamano na huungua kwa moto mkubwa baada ya miaka mingi. Kuupunguza ufanane na ponderosa ni kuutungia historia isiyokuwa yake. Na misonobari ya shamba la Sao Hill, kule Mufindi, Tanzania, kwa sehemu kubwa imetoka Mexico na kupandwa. Anayetaka kurudisha uoto wa asili huko atafute habari za nyasi na miombo.

Baada ya kupunguza, ondoa matawi kwanza ndipo uchome. Chini ya mti mzee sindano zimelundikana kwa zaidi ya karne. Zikiungua taratibu kwa saa nyingi hupika mizizi, na mti uliokwepa mioto yote ya zamani unakufa kwa moto wako. Zivute kwa reki mbali na shina kabla ya siku ya kuchoma. Choma kwa kibali, katika majira ya baridi kiasi, na upepo mdogo wa kutabirika. Mifugo isiingie mpaka nyasi zikomae na kudondosha mbegu, la sivyo moto unaofuata utakosa cha kuubeba na miche itaanza tena kusongamana.