Namna ya Kuzilinda Figo Damu Inapopungua

Figo zote mbili kwa pamoja hazifikii asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini katika kila lita tano za damu ambazo moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kwa dakika, takriban lita moja hupitia humo. Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba kiungo chenye damu nyingi kiasi hicho hakiwezi kudhurika upesi damu inayokifikia inapopungua. Ukweli ni kinyume chake, na mtu anayeielewa sababu hujua pia la kufanya katika saa zile chache ambazo figo bado inaweza kuokolewa bila kubaki na kovu.

Sehemu kubwa ya damu hiyo huletwa ili ichujwe. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja, na kwa siku moja vichujio vya figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za maji, ambazo karibu zote hurudishwa mwilini na kubakiza lita moja au mbili za mkojo. Kinachoyasukuma maji kupita kwenye kichujio ni shinikizo la damu tu. Kila kichujio kina mshipa mdogo wa kuingizia damu na mwingine wa kuitolea, na figo hulinda shinikizo lake kwa kuupanua ule wa kwanza na kuubana ule wa pili. Kazi ya kupanua hutegemea zaidi kemikali ziitwazo prostaglandini; kazi ya kubana hutegemea homoni ya angiotensini. Naomba msomaji aikumbuke mishipa hii miwili, kwa sababu dawa nyingi zinazoumiza figo huanzia hapo.

Kazi ngumu zaidi ya kurudisha chumvi na maji hufanywa na mirija iliyo baada ya vichujio, na baadhi ya mirija hiyo imezama katika tabaka la ndani la figo, mahali ambapo hata mtu akiwa mzima oksijeni ni haba. Seli za huko hutumia karibu oksijeni yote inayowafikia, hazina akiba. Damu ikipungua, huko ndiko njaa inakoanzia.

Madhara huja kwa hatua mbili, na kuzitofautisha ndiko kunakoamua tiba. Katika hatua ya kwanza figo yenyewe bado ni nzima: inashika kila tone la maji na kila chembe ya chumvi, mkojo unakuwa kidogo na wa rangi iliyokolea, na damu ikirejea katika kiwango chake kazi hurudi, mara nyingi ndani ya siku mbili au tatu. Upungufu ukiendelea, seli za mirija huanza kufa, zinabanduka na kuiziba mirija yenyewe, huku maji yaliyokwisha kuchujwa yakivuja kurudi kwenye damu. Hapo hata damu ikirudishwa vizuri mkojo unaweza kukawia kwa wiki moja hadi tatu, na maji yanayoongezwa bila kipimo huishia kwenye mapafu. Wengi hupona, lakini wapo wanaobaki na figo dhaifu, na wapo wanaohitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuutazama mkojo wa mgonjwa yeyote anayetapika, anayeharisha, anayetoka damu, aliyeungua sehemu kubwa ya mwili au mwenye homa kali ya maambukizi. Madaktari huanza kuhofia pale mkojo unaposhuka chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa sita. Kwa mtu mzima wa kilo 60 hiyo ni mililita 180, yaani chini ya glasi moja. Asiyekojoa kabisa kwa muda wa saa sita wakati wa mchana, huku kinywa kimekauka na anapata kizunguzungu akisimama, apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Lakini mkojo mwingi haumhakikishii mtu usalama, hasa kama anatumia dawa za kuongeza mkojo.

Jambo la pili ni kurudisha maji pamoja na chumvi iliyopotea nayo. Pakiti ya chumvi na sukari inayotolewa kwa wanaoharisha ndiyo bora, ikichanganywa na kiasi kamili cha maji kilichoandikwa juu yake. Isipopatikana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, huyeyushwa katika lita moja ya maji safi. Anayetapika asubiri kama dakika kumi, kisha anywe kidogo kidogo. Mwenye moyo dhaifu au ugonjwa wa figo wa muda mrefu asinywe kwa wingi kabla ya kumwuliza daktari wake.

Jambo la tatu linanihuzunisha kuliko yote, kwa sababu madhara yake yanazuilika kabisa. Mtu aliyepungukiwa na maji, mwili unamuuma, humeza ibuprofeni au diklofenaki, dawa zinazozuia prostaglandini. Mshipa wa kuingizia damu unakosa kitu cha kuupanua wakati ambapo figo inauhitaji zaidi. Akiwa pia anatumia enalaprili au losatani, dawa za shinikizo la damu zinazozuia kazi ya angiotensini, mshipa wa kutolea nao unalegea, na dawa ya kuongeza mkojo inamalizia kwa kupunguza maji ya mwilini. Kila moja huweza kuwa salama peke yake. Zikikutana na kuhara, figo hubaki bila kinga. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ni afadhali. Kuhusu dawa za shinikizo la damu, mwulize daktari mapema, ukiwa mzima, ni zipi usimamishe kwa muda ukishikwa na kuhara au kutapika, na uzirejee lini. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Hospitalini ulizia kipimo cha kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa katika damu, na uende na majibu yako ya zamani. Kuongezeka kwa mikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au kufikia mara moja na nusu ya kiwango cha awali ndani ya siku 7, huhesabiwa kuwa figo imeumia ghafla, hata kama namba bado inaonekana ya kawaida. Kreatinini hupanda kwa kuchelewa, hivyo jibu zuri la siku ya kwanza halitoshi.

Kuna pia upungufu unaokuja polepole, ateri ya figo, yaani mshipa mkubwa unaoiletea damu, inapozibwa na mafuta. Mwaka 1934 mtafiti Harry Goldblatt aliwabana mbwa ateri za figo na shinikizo lao likapanda, kwa kuwa figo yenye njaa hutoa renini, kemikali inayoanzisha kupanda kwa shinikizo, kana kwamba mwili mzima umepungukiwa na damu. Mwenye shinikizo lisiloshuka kwa dawa tatu, au ambaye figo yake moja imesinyaa kuliko nyenzake, anastahili kupimwa ateri hizo.

Aliyewahi kuumia figo ghafla, hata akajiona amepona, apime tena kreatinini na protini katika mkojo baada ya miezi mitatu, na kila anapoandikiwa dawa mpya amweleze mtoa dawa yaliyompata.