Maji ya Texas yana wenyewe: soma kabla hujanunua nyumba

Mwaka wa pili baada ya kununua nyumba magharibi ya Houston, benki ilituandikia kwamba malipo yetu ya mwezi yanapanda. Mke wangu akadhani wamekosea. Hawakukosea. Kodi ya nyumba tunailipa kupitia benki, ndani ya malipo hayo hayo. Mwaka wa kwanza kodi ilikadiriwa kwa kiwanja kitupu, sasa nyumba yenyewe imehesabiwa. Tukaishika bili ya kodi mstari kwa mstari: kaunti, shule, halafu herufi tatu ambazo hakuna aliyewahi kutueleza. MUD.

MUD ni wilaya ya huduma za maji. Sehemu ambayo mabomba ya jiji hayajafika, sheria ya Texas inaruhusu iundwe wilaya yake. Wilaya hiyo inakopa kwa kuuza hati fungani, inachimba visima, inajenga mtambo wa majitaka na mitaro ya mvua, kisha wenye nyumba wanalipa deni kidogo kidogo. Kwa hiyo unalipa mara mbili: bili ya kila mwezi kwa maji uliyotumia, na kodi ya kila mwaka kwa thamani ya nyumba. Chukulia kiwango ni senti 90 kwa kila dola 100. Nyumba ya dola 300,000 italipa dola 2,700 kwa mwaka, hata ukisafiri miezi sita na bomba halijafunguliwa.

Sheria inamtaka muuzaji akupe taarifa ya maandishi kuhusu MUD kabla mkataba haujakufunga. Asipoitoa, una haki ya kuvunja mkataba. Sisi karatasi ile tulipewa. Ilikuwa katikati ya rundo, tukatia sahihi huku tukiwaza funguo. Naomba wewe usifanye hivyo. Muulize dalali wako mambo mawili: kiwango cha mwaka huu ni kipi, na deni lililobaki ni kiasi gani.

Tuliokulia Tanzania tumezoea mpangilio mwingine. Kuna Wizara ya Maji, kuna bodi za mabonde kama Wami/Ruvu zinazotoa vibali, kuna DAWASA kwa wa Dar, na EWURA ya bei. Texas haina wizara ya maji. Maji ya mito na maziwa ni mali ya jimbo, na anayetoa vibali vyake ni TCEQ, tume ya mazingira ya jimbo, ambayo pia inasimamia usalama wa maji ya bomba. TWDB, bodi ya jimbo ya maendeleo ya maji iliyoundwa 1957 baada ya ukame mkali wa miaka ya 1950, inapanga mahitaji ya maji na kukopesha fedha za miradi. Imeligawa jimbo katika kanda 16 na kutoa mpango mpya kila baada ya miaka mitano. Bei za kampuni binafsi za maji ziko chini ya PUC, tume ya huduma za umma, tangu 2014.

Maji ya chini ya ardhi ndiyo yanayotuchanganya wengi. Nyumbani kuwa na kiwanja hakukupi umiliki wa maji yaliyo chini yake. Texas inakupa. Tangu hukumu ya mwaka 1904, mwenye ardhi anaweza kuvuta hata kama kisima cha jirani kinakauka, isipokuwa pale penye wilaya ya hifadhi ya maji ya ardhini inayoweka mipaka. Houston iliyaona matokeo kwa macho. Maji yalivutwa mno, ardhi ikadidimia. Brownwood, mtaa wa kifahari kule Baytown, ulishuka mpaka maji ya ghuba yakawa yanaingia majumbani. Baada ya kimbunga Alicia mwaka 1983 watu walihamishwa, na leo pale ni hifadhi ya viumbe. Tangu 1975 kuna chombo maalumu cha kuzuia ardhi ya Harris na Galveston isididimie, na ndicho kinachowasukuma watoa huduma waache visima na kutumia maji ya mito na maziwa. Ukiona kwenye bili ada ya mamlaka ya maji ya kanda, chanzo chake ni hicho. Ada hiyo inaweza hata kuizidi bei ya maji yenyewe.

Maji yakinuka au yakibadilika rangi, piga kwanza namba iliyo kwenye bili. Wasipokushughulikia, peleka malalamiko TCEQ. Kila mwaka kabla ya tarehe 1 Julai mtoa huduma anatakiwa kuwapa wateja ripoti ya ubora wa maji, isome. Ukinunua shamba lenye kisima chako, hakuna atakayekupimia, peleka sampuli maabara mwenyewe. Na tangazo la kuchemsha maji likitoka, kama lilivyowafikia mamilioni wakati wa baridi ya Februari 2021, acha yachemke kwa nguvu dakika 2 nzima. Maji ya mswaki na ya maziwa ya mtoto pia. Barafu iliyotengenezwa na friji, imwage.

Bodi ya MUD ina wakurugenzi watano, na mikutano yake iko wazi kwa kila mkazi. Kupiga kura kunahitaji uraia, kuuliza swali hakuhitaji. Tulipokwenda mara ya kwanza tulikuta wakazi wanne tu ukumbini. Niliuliza deni letu litaisha lini, na kabla ya kutoka nilikabidhiwa jedwali la malipo, mwaka kwa mwaka. Liko kwenye droo ya jikoni, na kila tunapopokea barua ya kodi tunalitoa tukalinganisha.