Uko Mwanza na unataka leseni ya urubani binafsi? Haya ndo utakayojifunza

Vijana wengi wa Pasiansi na Ilemela wamekua wakiona ndege zinapita juu ya mabati yao, na wakinikuta swali ni lilelile, kaka nifanyeje na mimi niwe rubani. Wakisikia leseni ya kwanza inaitwa PPL, yaani ya rubani binafsi, wanadhani ni kujifunza kushika usukani tu kama gari pale VETA. Kushika usukani utajifunza, tena mapema kuliko unavyofikiria. Kinachokula muda ni kujifunza kuamua: kuondoka, kugeuza, au kubaki chini siku ambayo roho yote inataka kuruka. Ntaandika kwa mpangilio niliopitia mwenyewe ila kwenye hali ya hewa na ziwa ntakaa sana, maana sisi wa kanda hii ndo patatuokoa au patatuua.

Anza na daktari kabla hujalipa hata shilingi ya ada. Unahitaji cheti cha afya daraja la 2 kutoka kwa daktari wa anga anayetambuliwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, anapima macho, kutofautisha rangi, masikio, moyo, presha, sukari na anauliza historia yako yote, na usimfiche kitu. Nimeona mtu amelipa ada nusu nzima halafu ndo anagundua macho yana shida ambayo ingejulikana siku ya kwanza, inauma. Miwani peke yake sio tatizo, wengi wanarusha na miwani.

Umri, kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo nchi zetu zinafuata, ni miaka 17 kupata PPL. Saa za kuruka ni 40, au 35 kama kozi yako imeidhinishwa, na ndani yake 10 uwe peke yako kwenye ndege, na katika hizo 10 tano ziwe za safari, na safari mojawapo iwe na urefu wa kilomita 270 ukitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Sasa mdogo wangu usipange bajeti ya saa 40 kamili, panga 55 au 60, maana mvua itakukatiza, ndege itaingia matengenezo, na ukikaa wiki tatu bila kuruka saa mbili za mwanzo zinaishia kukumbushia tu. Na usilipe hela yote kwa mkupuo. Mimi nililipa yote sehemu moja, ndege yao pekee ikakaa chini zaidi ya miezi miwili ikisubiri spea na hela yangu ikabaki humo, nikawa naenda kila asubuhi kuulizia kama mtu anayedai. Lipa kidogokidogo kadri unavyoruka, na uliza wana ndege ngapi zinazoruka LEO, sio ngapi ziko kwenye picha. Wengi wetu tunaenda Dar, au Wilson Nairobi, wengine Soroti Uganda, popote utakapoenda hilo swali ulibebe.

Masomo ya darasani ni tisa: sheria za anga, ndege na injini yake, uwezo wa ndege na kupanga safari, mwili na akili ya binadamu angani, hali ya hewa, uongozaji njia, taratibu za uendeshaji, kanuni za kupaa, na mawasiliano ya redio. Haya unaweza kuanza kuyasoma ukiwa nyumbani Kirumba kwa gharama ya bando tu, na ukifika chuoni umeshayasoma utaokoa hela nyingi, kwasababu mwalimu akianza kukueleza bawa linavyofanya kazi huku injini inaunguruma unalipia kila dakika ya hayo maelezo.

Redio inatisha wengi kwasababu ni Kiingereza, na lazima ufikie kiwango cha 4 cha lugha. Ila ni Kiingereza kifupi chenye mpangilio uleule kila siku: unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi, uko futi ngapi, unataka nini. Ndege zetu usajili unaanza na 5H, zoea kutaja herufi kwa Alfa, Bravo, Charlie mpaka zitoke zenyewe. Muongoza ndege akikupa ranwei (njia ya kurukia na kutua), urefu au ruhusa yoyote unamrudishia vilevile alivyosema, na kama hujasikia muombe arudie, usikisie kamwe. Kariri namba hizi tatu za transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada: 7700 dharura, 7600 redio imekufa, 7500 umetekwa. Na masafa ya dharura ni 121.5.

Jambo moja la kwetu waswahili ambalo halipo kwenye vitabu ni saa. Angani kote wanatumia saa za Zulu, yaani UTC, saa moja ya dunia nzima, ambazo ziko nyuma ya saa za kwetu kwa 3, halafu sisi nyumbani tunahesabu saa kwa kuanzia asubuhi kunapokucha, kwahiyo kichwani una saa tatu tofauti na ni rahisi sana kuchanganya. Njia niliyotumia mimi, chukua saa ya Zulu toa 3 unapata saa ya Kiswahili. 0600 Zulu ni saa 3 asubuhi, 0900 ni saa 6 mchana, 1200 ni saa 9 alasiri. Ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wetu, inaitwa METAR, inaweza kuja hivi: HTMW 120600Z 14008KT 9999 FEW022 24/17 Q1018. Maana yake ni Mwanza, tarehe 12 saa 3 asubuhi, upepo unatoka nyuzi 140 kwa noti 8 (noti ni maili za baharini kwa saa), unaona kilomita 10 au zaidi, mawingu machache futi 2,200 juu ya uwanja, joto 24 na kiwango cha umande 17, presha 1018. Hizo 24 na 17 zikianza kukaribiana jua ukungu au mawingu ya chini yako njiani.

Sasa ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda, upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na mawingu makubwa yanajijenga upande wa bara mchana kuelekea jioni. Usiku inageuka, nchi inapoa, upepo unatoka pande zote za ufukwe kwenda ziwani, unakutana katikati juu ya maji yenye joto na unyevu, hapo ngurumo zinazaliwa usiku wa manane na zinaweza kudumu mpaka asubuhi. Waulize wavuvi wa dagaa, wao wanayajua haya bila kusoma METAR. Na kwa vile pepo za huku mara nyingi zinatoka mashariki, hiyo mvua inasukumwa kuelekea Kagera, ndo maana unaweza kuamka Mwanza jua safi kabisa ukaona siku nzuri ya kwenda Bukoba na kumbe kule kumefunga. Tarehe 6 Novemba 2022 asubuhi ndege ya abiria iliyotoka Dar ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba kwenye hali mbaya ya hewa, watu 19 kati ya 43 wakafariki. Wale walikuwa marubani wa kazi kwenye ndege kubwa yenye injini mbili, wewe utakuwa na injini moja na saa 45 kwenye logibuku. Kwahiyo usiangalie hali ya hewa ya unapoondokea tu, angalia ya unakoenda, ya njiani, na ya uwanja wa akiba, na uipigie simu TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kama huelewi kitu.

Sheria ya kuruka kwa macho, ambayo ndo PPL yako itaruhusu, inataka chini ya futi 10,000 uone angalau kilomita 5 na ukae mbali na wingu mita 1,500 kwa ubavu na futi 1,000 kwa juu au chini. Lakini juu ya ziwa kuna mtego hata ukiwa ndani ya sheria: maji yakitulia kama kioo na kukiwa na ukungu mwepesi, maji na anga vinakuwa rangi moja, mstari wa upeo unapotea na masikio yanaanza kukudanganya, unahisi umenyooka kumbe umelala upande. Hapo unaamini vyombo, sio mwili, unageuza taratibu na kurudi ulikotoka. Mwalimu atakuvalisha kofia maalum inayokuzuia kuona nje ufanye mazoezi ya kurusha kwa vyombo, usiyachukulie kama ya kupita tu.

Halafu injini ikizima juu ya maji? Ndege kama Cessna 172, ile ndogo ya siti nne ya injini moja, inateleza kama kilomita 2.7 kwa kila futi 1,000 ulizonazo juu ya maji, kwahiyo hesabu kabla ya kuondoka kwamba katika kila hatua ya njia unaweza kufika ufukweni au kisiwani au la, na kama la basi laifujaketi ziwe zimevaliwa, sio zimewekwa nyuma ya siti. Usiijaze hewa ukiwa bado ndani, itakubana kwenye paa maji yakiingia. Fungua milango kabla ya kugusa maji ili isijamie. Mimi bado napenda kupita kwa kufuata ufukwe na visiwa hata kama njia inakuwa ndefu.

Kwa alama za chini, Jiwe la Bismarck, Saanane, daraja la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa kama kilomita 3, kisiwa cha Ukerewe, vyote vinaonekana vizuri. Usitumie magugumaji kama alama, kwa mbali yanafanana na nchi kavu na kesho yamesogea.

Jambo lingine kubwa ni mwinuko. Uwanja wetu uko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, ukijifunzia Dar ambako uwanja uko futi mia mbili hivi utashtuka ukija huku, altimeta, yaani kipimo cha urefu, inasoma 3,700 na bado uko chini kwenye lami. Siku ya nyuzijoto 30 ndege inahisi kama iko karibu futi 6,400, hewa ni nyepesi, propela inavuta kidogo, mabawa yanabeba kidogo, injini inatoa nguvu pungufu. Utatumia ranwei ndefu zaidi na utapanda kivivu. Mwanza ranwei ni ndefu haina shida, shida ni viwanja vidogo vya udongo. Kwahiyo piga hesabu ya uzito kila mara, matenki yakijaa na watu wanne wazima na mabegi, 172 nyingi zinakuwa zimezidi, lazima upunguze kimoja.

Kwenye ndege yenyewe utaanza na kunyoosha, kukata kona, kupanda, kushuka. Kisha stoli, ambayo ni bawa kupoteza mnyanyuo kwasababu pua imenyanyuliwa kupita kiasi, dawa yake ni kushusha pua kwanza halafu nguvu, na mikono yako itakataa mwanzoni kwasababu akili inasema vuta. Rudia mpaka ikubali. Baadae sakiti, yaani kuzunguka uwanja, kuruka na kutua, kuruka na kutua, hapa watu wanakata tamaa maana kutua kunagoma kwa masaa 8 au 10 ya kuruka, halafu siku moja kunakaa. Angalia mwisho wa ranwei, sio mbele ya pua. Upepo wa ubavuni ujifunze kuuhesabu kichwani, ranwei yetu ni 12 na 30, yaani upande mmoja unaelekea nyuzi 120 na mwingine 300, upepo ukitoka 180 kwa noti 14 una pembe ya nyuzi 60, chukua tisa ya kumi, ubavuni una kama noti 12 na nusu. Ukiona njia ya kutua haijakaa sawa ongeza nguvu zote, panda, zunguka tena. Hakuna mwalimu wa maana atakayekusema kwa hilo.

Siku mwalimu atakaposhuka na kukuambia nenda mwenyewe, ndege itakuwa nyepesi, itapanda haraka kuliko ulivyozoea na siti ya pembeni itakuwa tupu. Fuata cheklisti kwa sauti kama vile bado yupo. Usiende siku hiyo kama unameza dawa ya malaria au mafua mpaka daktari wa anga akubali, na kama hujalala sema hujalala.

Zikibaki safari za peke yako na mtihani wa vitendo, mtahini atakupa njia uipange, atashusha nguvu ya injini katikati aone unatafuta shamba gani, atakuuliza mafuta. Mchana ufike na akiba ya dakika 30 angalau, mimi nabeba saa nzima maana kutoka Mwanza mpaka Bukoba ni kama maili 95 za baharini, kwa noti 100 dakika 57, upepo wa mbele wa noti 15 ukiingia inakuwa dakika 67, na ukikuta Bukoba kumefunga bado una safari nzima ya kurudi. Ukifaulu unaweza kubeba ndugu na marafiki bila kulipwa, mchana, kwa macho. Usiku na kazi ya kulipwa ni leseni na saa nyingine, CPL, leseni ya rubani wa kulipwa, inataka saa 200, au 150 kwenye kozi iliyoidhinishwa.

Wiki hii, kama kweli unataka, tafuta daktari wa anga upange siku, na kila asubuhi saa 3 soma METAR ya Mwanza na ya Bukoba, andika kwenye daftari, halafu toka nje uangalie anga ulinganishe. Fanya miezi miwili.